Watano wa 2018: Jinsi ya Kumpima Kwotabeki Kabla ya Uteuzi wa NFL

Usiku wa tarehe 26 Aprili 2018, katika uwanja wa Dallas Cowboys mjini Arlington, Texas, vilabu vya ligi ya NFL viliita majina ya makwotabeki watano katika raundi moja. Baker Mayfield wa chuo cha Oklahoma aliitwa wa kwanza kabisa, akaenda Cleveland. Sam Darnold wa USC akawa wa 3, akachukuliwa na New York Jets. Josh Allen wa Wyoming akaitwa wa 7, na Buffalo. Josh Rosen wa UCLA akawa wa 10, na Arizona. Lamar Jackson wa Louisville alisubiri hadi nafasi ya 32, ya mwisho katika raundi ile, ndipo Baltimore walipojisogeza na kumchukua.

Hesabu za usiku ule sasa zinaweza kusomwa. Jackson ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa misimu ya 2019 na 2023. Allen ameitwaa kwa msimu wa 2024. Mayfield na Darnold waliachwa na vilabu vilivyowateua, wakahangaika huku na huko, kisha wakachanua ugenini. Rosen, ambaye wachambuzi wengi walimwona ndiye aliyeiva kuliko wenzake, alidumu Arizona msimu mmoja. Ukiwapanga upya kwa walichofanya baadaye, yule wa mwisho anapanda juu kabisa na wa kwanza anashuka.

Ni rahisi kusema maskauti walikuwa vipofu. Hawakuwa. Walikesha wakitazama video, walisafiri hadi Laramie, kwenye chuo cha Wyoming, na Louisville, waliwahoji walimu, wazazi na makocha. Ninaloliona mimi ni kwamba walitafuta jibu la nusu ya swali. Waliuliza kijana huyu ana nini, wakasahau kuuliza anakwenda kwa nani. Na hata katika ile nusu waliyoiuliza, hawakumpimia kila kijana kwa kipimo kimoja.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, uzito wa nafasi hii unahitaji maelezo kidogo. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi. Kabla haujamfikia, anawatazama walinzi kumi na mmoja waliojipanga mbele yake, anabashiri wanachoficha, na pengine anabadilisha mpango mzima kwa kupaza sauti. Mpira ukishamfikia ana sekunde mbili na nusu hivi za kugundua kama alibashiri sawa, kumchagua mpokeaji na kuuachia, huku watu wenye kilo zaidi ya 120 wakimkimbilia. Soka haina nafasi inayobeba mzigo kama huo. Kipa hodari huokoa timu, lakini hapangi kila shambulizi.

Ndiyo maana nafasi nyingine zinaweza kujazwa kwa mwili na bidii, na hii haiwezi. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwahi kucheza futiboli ya Marekani, wakamfundisha kazi ya ulinzi, na kabla ya msimu kwisha alikuwa ameshaingia uwanjani. Hakuna klabu inayothubutu kufanya hivyo kwa kwotabeki. Huyu hulazimika kutoka chuoni, baada ya angalau miaka mitatu tangu amalize sekondari, na hufika kwa mpango wa uteuzi: raundi saba, vilabu 32, aliyefanya vibaya kuliko wote akichagua kwanza. Kijana hana hiari ya klabu. Kwa hiyo aliye bora chuoni kwa kawaida hupelekwa kwenye timu mbovu, na hilo tunalisahau kila anaposhindwa.

Kupima huanzia mwilini, kwa sababu mwili hupimika. Kila mwisho wa Februari vijana hukusanywa Indianapolis kwa majaribio. Wanapimwa urefu, uzito na upana wa kiganja, wanakimbia yadi 40, wanarusha mpira kwa wapokeaji wasiokabwa na mtu. Tom Brady alipita huko mwaka 2000, akakimbia zile yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwili wake mlegevu kwenye picha ambayo bado inazunguka mitandaoni. Makwotabeki sita waliteuliwa kabla yake. Yeye aliitwa wa 199, katika raundi ya sita, akastaafu akiwa na mataji saba ya Super Bowl, fainali ya ligi. Mfano huu umechoka kwa kutajwa, lakini una jambo ambalo halisemwi sana: katika mwaka wake wa mwisho pale Michigan, makocha wake wenyewe walikuwa wakimgawanyia muda wa kucheza na Drew Henson, kijana mdogo wake aliyekuja na sifa kubwa. Skauti aliyemshusha Brady hakuisoma saa peke yake. Alijiuliza kwa nini chuo chake chenyewe kinasitasita, na swali hilo lilikuwa la haki. Lililokosekana ni kutazama alivyozirudisha mechi zilizokuwa zimepotea kila alipokabidhiwa mpira mwishoni.

Akili nayo walijaribu kuipima kwa namba. Kwa miongo kadhaa wachezaji walifanyishwa mtihani wa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, hadi ulipoondolewa Indianapolis mwaka 2022. Baadhi ya vilabu vikahamia kwenye mtihani wa kompyuta uitwao S2, unaopima wepesi wa macho na uamuzi. Kabla ya uteuzi wa 2023 ilivuja habari kwamba C. J. Stroud wa Ohio State amepata alama za chini sana katika mtihani huo. Houston walimchukua wa 2 hata hivyo. Msimu wake wa kwanza alirusha yadi 4,108, tachidauni (yaani mabao) 23, na pasi 5 tu zikanaswa na wapinzani, akawa mchezaji mpya bora wa upande wa mashambulizi. Sisemi mtihani haufai kwa lolote. Ninasema kwamba Stroud alikuwa ameshafanya mtihani ulio bora zaidi, mbele ya watu wote, dhidi ya Georgia katika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo mwishoni mwa 2022, akikimbizwa na ulinzi mkali huku akiendelea kutafuta wapokeaji wake. Aliyeitazama mechi ile hakuhitaji karatasi ya alama.

Sasa nirudi kwa Allen na Jackson, kwa sababu hapo ndipo kupembua mchele na chuya kulipoharibika waziwazi.

Josh Allen alikulia Firebaugh, mji mdogo wa wakulima California. Alipomaliza sekondari hakupata ofa hata moja kutoka chuo kikubwa. Alicheza mwaka mmoja Reedley, chuo cha jamii karibu na kwao, huku akiwaandikia barua pepe makocha wa nchi nzima, na Wyoming ikawa miongoni mwa waliojibu. Kufikia 2018 alikuwa na urefu wa takribani mita 1.95, kilo 107, na mkono uliorusha mpira mbali kuliko mtu yeyote katika kundi lile. Lakini katika pasi zake zote za Wyoming, zilizofika zilikuwa asilimia 56.2. Na alipokutana na vyuo vikubwa, Nebraska, Iowa na Oregon, timu yake ilichapwa vibaya na yeye akafifia.

Lamar Jackson alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo vyote, mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 19. Asilimia ya pasi zake zilizofika Louisville ilikuwa 57.0.

Ziweke namba hizo mbili pamoja: 56.2 na 57.0. Kwa usahihi wa mkono, vijana hawa walikuwa kitu kimoja. Ila maswali yaliyoulizwa juu yao hayakuwa mamoja. Kwa Allen swali lilikuwa: tunawezaje kumrekebisha? Kwa Jackson likawa: je, asihamishiwe nafasi nyingine? Bill Polian, aliyewachagulia Colts Peyton Manning badala ya Ryan Leaf mwaka 1998 na kuingia katika ukumbi wa heshima wa mchezo huu, alisema hadharani kwamba Jackson awe mpokeaji wa pasi. Mwaka uliofuata alikiri alikosea, na nampa heshima kwa hilo. Lakini lazima tutaje lililokuwa nyuma ya kauli ile. Futiboli ya Marekani ina historia ndefu ya kuwaambia vijana weusi kwamba nafasi ya kufikiri si yao. Warren Moon, kwotabeki mweusi, aliiongoza timu ya chuo cha Washington kushinda Rose Bowl mnamo Januari 1978, kisha hakuna klabu ya NFL iliyomteua kuwa kwotabeki. Akaenda Kanada, akashinda ubingwa wa huko mara tano mfululizo na Edmonton, ndipo NFL ikamkaribisha. Miaka 40 baadaye mshindi wa Heisman alikuwa bado anatakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni kwotabeki. Jackson alikataa kujaribiwa kama mpokeaji, akakataa hata kukimbia zile yadi 40, kwa kuwa alijua saa ingetumiwa kumhamisha.

Hata Baltimore, ambao leo wanasifiwa kwa jicho lao, hawakumchukua kwa nafasi yao ya kwanza usiku ule. Nafasi ya 25 walimpa Hayden Hurst, mchezaji wa nafasi nyingine, ndipo wakafanya biashara na Philadelphia kurudi ndani ya raundi kwa ajili ya Jackson. Mtu aliyekuwa na uhakika kamili asingesubiri.

Turudi kwenye hiyo asilimia yenyewe, maana inatumika vibaya kila mwaka. Pasi isiyofika inaweza kuwa kosa la mrushaji, inaweza kuwa mpokeaji ameidondosha, inaweza kuwa mrushaji ameutupa mpira nje kwa makusudi kuepuka hasara. Pasi iliyofika nayo inaweza kuwa ya yadi mbili, nyuma ya mstari, kwa mtu asiye na mpinzani karibu. Vyuo vingi sasa hucheza mifumo iliyosheheni pasi za namna hiyo, na kijana anafikisha asilimia 70 bila kusoma ulinzi hata mara moja. Allen hakuwa na pasi hizo rahisi. Wyoming walimwomba arushe mbali, katika upepo wa Laramie, kwa wapokeaji ambao hawakuwa wa kiwango cha ligi. Hilo halikufuta tatizo lake. Alikuwa akirusha bila kupanga miguu, na pasi fupi zilikuwa zikimponyoka kweli. Lakini ilikuwa lazima kulisoma kosa lenyewe, kujua ni kosa la miguu au la macho. Miguu hufundishika. Macho, nijuavyo, hufundishika kwa shida sana.

Uwanja wa chuo wenyewe si ule wa ligi. Mistari midogo ya katikati, ambayo mpira huwekwa kati yake kila shambulizi linapoanza, imetengana takribani mita 12 vyuoni, wakati kwenye ligi haifiki hata mita 6. Kwa hiyo chuoni mpira mara nyingi huanzia ubavuni, upande mmoja ukiwa mpana mno, na walinzi hulazimika kutandazwa. Kwotabeki anapata nafasi kubwa ya kurushia ambayo kwenye ligi hataiona tena. Sheria ya vyuo pia inawaruhusu wakingaji wa mbele kusogea hadi yadi tatu kabla ya pasi kurushwa, na ya ligi inaruhusu yadi moja tu, hivyo michezo ya kuwababaisha walinzi kati ya pasi na mbio hufanya kazi chuoni kuliko kwingine kokote. Anayetazama video bila kukumbuka haya anavutiwa na uwanja akidhani anavutiwa na mtu.

Basi nini cha kutazama? Nikipewa video za kijana na saa chache, naruka ushindi wote mkubwa. Natafuta mashambulizi ambayo mpango wa kwanza umekufa: mpokeaji aliyekusudiwa amekabwa, mkingaji mmoja ameshindwa, na timu inahitaji yadi nane. Natazama kichwa chake. Je, macho yanashuka kuwaangalia wanaomkimbilia, au yanabaki mbali? Je, miguu inatulia tena baada ya kusogea, au anarusha akiwa hewani? Na kosa alilofanya Septemba analirudia Novemba? Mashambulizi hayo ni machache kwa kila mechi, lakini ndiyo yanayofanana na kazi ya ligi.

Kipimo hicho kingemsaidia mtu mwaka 2017. Chicago walitoa teuzi kadhaa ili kusogea kutoka nafasi ya 3 hadi ya 2 na kumchukua Mitchell Trubisky wa North Carolina, aliyekuwa ameanza mechi 13 tu chuoni. Patrick Mahomes wa Texas Tech aliitwa wa 10. Juu ya Mahomes ilisemwa kwamba anacheza mfumo wa chuo usiofunza kitu, kwamba anarusha kwa mikao isiyo ya kawaida, na kwamba timu yake ilishinda mechi 5 na kupoteza 7 msimu wa 2016. Yote yalikuwa kweli. Mwezi Oktoba mwaka ule alirusha yadi 734 dhidi ya Oklahoma na bado akafungwa 66 kwa 59, kwa kuwa ulinzi wa Texas Tech haukuweza kumzuia mtu, na wa upande wa pili alikuwa Baker Mayfield. Kila timu yake ilipokuwa nyuma, na hiyo ilikuwa karibu kila wiki, Mahomes alilazimika kubuni. Video zake zilijaa mashambulizi yale yale ninayosema. Kansas City waliyaona, wakanunua nafasi ya 10 kutoka kwa Buffalo. Ndiyo, Buffalo waliiuza nafasi iliyomleta Mahomes, mwaka mmoja kabla ya kumchukua Allen.

Kufanikiwa kwa Allen kumezaa kosa jipya, na kosa hili linaniuma kwa sababu linawaumiza vijana. Tangu 2020, msimu ambao asilimia yake iliruka hadi 69.2 na tachidauni zake za pasi zikafika 37, vilabu vimekuwa vikimsaka Allen mwingine: kijana mkubwa, mwenye mbio, mkono wa ajabu, na mechi chache. Mwaka 2021 San Francisco waliwapa Miami teuzi tatu za raundi ya kwanza ili wapate nafasi ya 3, wakamchukua Trey Lance wa North Dakota State, aliyekuwa ameanza mechi 17 tu na kucheza mechi moja tu mwaka 2020. Agosti 2023 wakamuuza Dallas kwa uteuzi mmoja wa raundi ya nne. Mwaka ule ule wa 2023 Indianapolis walimteua wa 4 Anthony Richardson wa Florida, mwenye mechi 13 za kuanza na asilimia 53.8 katika msimu wake wa mwisho, baada ya kuweka rekodi ya makwotabeki ya kuruka juu pale pale Indianapolis. Msimu wa 2024 pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 47.7. Kijana wa miaka 21 alikabidhiwa kazi ngumu kuliko zote michezoni ili ajifunzie hadharani, akazomewa kwa kutojua ambacho hakuwahi kupewa muda wa kujifunza.

Na San Francisco waliokolewa na nani? Na Brock Purdy wa Iowa State, aliyeteuliwa wa 262 mwaka 2022, jina la mwisho kabisa kuitwa. Alikuwa mfupi kiasi, mkono wake wa kawaida, lakini alianza mechi chuoni kwa takribani misimu minne, akiwa ameona kila aina ya ulinzi. Aliwafikisha Super Bowl ya msimu wa 2023. Ukitaka kujua uzoefu una thamani gani ukilinganishwa na mwili, klabu hiyo hiyo ilinunua vyote viwili kwa bei tofauti kabisa.

Wanaomtaja Allen kama ushahidi kwamba usahihi hufundishika wanasahau orodha ya vitu vilivyomzunguka. Buffalo walimpa kocha wa mashambulizi mmoja, Brian Daboll, kwa misimu minne mfululizo. Msimu wa kwanza alifikisha asilimia 52.8, wa pili 58.8, na Daboll hakufukuzwa kwa hofu. Walimjengea wakingaji wapya, kisha 2020 wakamletea mpokeaji Stefon Diggs. Allen mwenyewe, kila msimu ulipoisha, alikwenda California kubomoa na kujenga upya namna anavyorusha. Baltimore walifanya la namna nyingine kwa Jackson: badala ya kumbadilisha yeye, waliubadilisha mfumo wote wa mashambulizi umfuate, na 2019 akaongoza ligi kwa tachidauni 36 za pasi huku akikimbia yadi 1,206, rekodi ya makwotabeki. Njia mbili tofauti, na katika zote mbili klabu ilijua imechukua nini na iko tayari kulipia nini.

Kuna sababu ya kifedha inayofanya vilabu vingi visisubiri. Hadi 2010 mteule wa kwanza alilipwa kama mfalme kabla hajarusha pasi: Sam Bradford alipata mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, 50 kati yake zikiwa za uhakika. Makubaliano mapya ya 2011 yalikata bei hiyo, na Cam Newton, mteule wa kwanza wa mwaka huo, akasaini miaka minne kwa takribani milioni 22. Tangu hapo kwotabeki mzuri katika mkataba wake wa kwanza ndiye bidhaa rahisi kuliko zote kwenye ligi, kwa maana pesa zinazobaki hununua timu ya kumzunguka. Klabu ikishampata inaanza kuhesabu miaka. Kumkalisha benchi mwaka mzima kunaonekana kama kuchoma pesa, ingawa Mahomes alikaa nyuma ya Alex Smith karibu msimu wote wa 2017 na mwaka uliofuata akarusha tachidauni 50, na ingawa Green Bay waliwasubirisha Aaron Rodgers na baadaye Jordan Love miaka mitatu kila mmoja.

Ruhusa ya wanavyuo kulipwa kwa majina yao, iliyoanza 2021, pamoja na uhuru wa kuhama chuo bila adhabu, imebadilisha sura ya wanaofika. Mwaka 2024 makwotabeki sita waliteuliwa katika nafasi 12 za kwanza. Bo Nix alikuwa na miaka 24 na mechi 61 za kuanza, Auburn na kisha Oregon. Jayden Daniels alikuwa na 55, Arizona State na LSU. Skauti anapata ushahidi mwingi, tena wa mifumo miwili tofauti, na hilo ni faida kubwa. Daniels aliwapeleka Washington hadi mechi ya ubingwa wa nusu yao ya ligi katika msimu wake wa kwanza.

Hata hivyo ushahidi mwingi haufuti bahati. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, huyo wa pili mshindi wa Nobeli ya 2017, waliuchunguza uteuzi huu wa NFL na kukuta kwamba uwezekano wa mchezaji kumzidi yule aliyeteuliwa baada yake katika nafasi hiyo hiyo ya uchezaji ni zaidi ya nusu kwa kiasi kidogo sana. Vilabu hulipa kana kwamba vina uhakika. Mwaka 2023 Carolina waliwapa Chicago mpokeaji wao bora, D. J. Moore, pamoja na teuzi nne, ili wasogee kutoka nafasi ya 9 hadi ya 1 na kumchukua Bryce Young. Wakashinda mechi 2 na kupoteza 15, na uteuzi wa mwaka uliofuata waliouuza ukawa wa kwanza tena, Chicago wakamchukua Caleb Williams. Young alirushia wapokeaji dhaifu kwa sababu yule aliye hodari alitolewa kama bei ya kumpata yeye. Alama alizopewa zingeweza kuwa sahihi kabisa, na bado klabu ikawa imemharibia kwa kumnunua vile.

Kwa hiyo ripoti ya kwotabeki isiyo na ukurasa wa klabu haijakamilika. Nani atamfundisha, na mkataba wa kocha huyo unakwisha lini? Wakingaji wake wawili wa pembeni ni akina nani? Mfumo wa kocha unahitaji pasi gani, na je, kijana amewahi kuzirusha? Mmiliki akisikia mashabiki wakizomea mwezi Oktoba, atafanya nini?

Kwa maswali hayo ndipo kundi la 2018 linapoeleweka upya. Mayfield aliibeba Cleveland, timu iliyokuwa imepoteza mechi zote 16 za 2017, hadi ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu msimu wa 1994. Kisha akaumia, akauzwa, akaachwa na Carolina, akapita Los Angeles, na kufikia 2024 alikuwa Tampa Bay akirusha tachidauni 41. Waliomwona mwaka 2018 hawakukosea sana. Darnold ndiye ninayemfikiria zaidi. Jets walimpa misimu mitatu katika timu iliyovunjika, Carolina miwili, kisha akakaa benchi San Francisco karibu mwaka mzima nyuma ya Purdy, akitazama kazi inavyofanywa mahali penye utaratibu. Mwaka 2024 Minnesota wakamkabidhi mpira pamoja na mpokeaji Justin Jefferson, akashinda mechi 14 kati ya 17 kwa tachidauni 35. Mkono ni ule ule ulioonekana USC.

Rosen aliingia Arizona kwa sifa ya kuwa na mrusho safi kuliko wote. Juu yake maskauti walinong'ona kwamba anauliza maswali mengi. Kocha wake wa UCLA, Jim Mora, alisema wazi kuwa ni kijana anayetaka kuelezwa sababu ya kila jambo. Kocha wa mashambulizi aliyempokea alifukuzwa Oktoba, kabla msimu haujafika nusu. Kocha mkuu akafuata msimu ulipokwisha. Rosen aliangushwa na mpira mkononi mara 45, pasi zake zilizofika zikawa asilimia 55.2, na akashinda mechi 3. Arizona wakamleta kocha mpya, Kliff Kingsbury, yule aliyemfundisha Mahomes chuoni, wakamteua Kyler Murray wa kwanza katika uteuzi wa 2019, na Rosen akauzwa Miami kwa uteuzi wa raundi ya pili. Huko alianza mechi 3. Baadaye alipita Tampa Bay, San Francisco, Atlanta, Cleveland na Minnesota bila kuanza mechi nyingine. Darnold alipata misimu sita ya kushindwa na kujifunza kabla mtu hajamwona alivyo. Rosen alihukumiwa kwa mechi 13, chini ya makocha wawili wa mashambulizi, nyuma ya wakingaji ambao hawakuweza kumkinga.